Mbegu Haishukuriwi

Siku hizi mbegu ya mahindi inapanda Mamboya kwa bodaboda, ndani ya mfuko wenye picha, na hakuna anayejua imetoka mikononi mwa nani. Mwaka 1969 ilishushwa kutoka juu ya meko ya mama fulani, nyeusi kwa moshi, na mlima mzima ulijua jina lake.

Kwa nyumba nyingi za kwetu jina hilo lilikuwa Costancia. Alikuwa mjane, na tangu amzike mumewe hakuwahi kuomba mbegu kwa mtu. Yeye ndiye aliyeombwa. Bibi harusi akionyeshwa shamba lake, alipelekwa kwanza kwa Costancia. Mahindi yake aliyafunga kwa maganda, akayatundika chini ya uchaga wa fito juu ya meko, yakala moshi tangu mavuno hadi mvua za kwanza.

Mwaka huo kijiji kilimpa mgeni. Magreti, binti wa Uholanzi, alikuja kujitolea kwa miaka miwili, na mwenyekiti wetu Timotheo akaamua alale kwa Costancia. Mimi sikuvuka darasa la pili, lakini nilikuwa nimejifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia sukari, hata waliosoma wakinipa barua zao nizisahihishe. Nikapewa kazi ya kumfundisha lugha. Kila jioni aliandika alichokiona, nami nikalipitia daftari lake.

Aliandika kwamba Dar es Salaam watu ni wema lakini wana haraka, na kila mmoja alimwuliza amekuja kufanya nini. Mikumi, alikolala njiani, mwenye nyumba ya wageni alimwuliza kama anaogopa tembo. Kilosa karani alimwuliza barua yake iko wapi. Mamboya walimwuliza kama mama yake hajambo, halafu wakasubiri jibu. Sentensi hiyo sikuigusa.

Kilichomsumbua ni macho ya Costancia, mekundu kila asubuhi kwa moshi. Basi Costancia alipokwenda Berega kumwuguza dada yake, Magreti alimjengea jiko la matofali lenye dohani ya kutoa moshi nje. Matofali niliyabeba mimi. Juu ya meko sikutazama. Mwanamume wa siku zile jikoni alipita tu.

Costancia aliporudi alitazama mahindi yake juu ya meko, akalisifu jiko, akapika. Alijua kwamba mbegu isiyokula moshi huliwa na fukusi. Lakini kwetu kazi ya mgeni haibomolewi, akabaki kumwomba Mungu. Fukusi hawakungoja. Oktoba ilipokwisha aliteremsha hindi moja, akalipukuchua, punje zikamwagika unga mkononi. Yote yalikuwa hivyo, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima.

Magreti alilia. Costancia akamtazama, akacheka.

"Mwanangu, umeniponya macho ili niwaone vizuri fukusi wanavyokula."

Magreti alisema atakwenda Kilosa kununua mbegu dukani. Costancia alikataa, hakutaka kupanda mbegu ambayo hamjui mama aliyeitunza. Akachukua nusu ya kibuyu, chombo cha kuombea mbegu, ambacho nyumbani kwake kilikuwa cha kuwapimia wengine. Nilimwona akikishika mara mbili na kukirudisha. Ndipo Magreti akakitwaa, akasema kosa ni lake na kibuyu atakibeba yeye.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Raheli, ambaye ulimi wake haukuwa na likizo.

"Shikamoo, mama," alisema Magreti.

"Marahaba. Hata Ulaya fukusi wamefika?"

Magreti alipoeleza, Raheli alikwea kigoda, akashusha mahindi manne, akayaweka kibuyuni. Magreti akasema asante. Raheli aliyanyakua yote manne, akayatundika tena.

"Toka nje, uingie upya," alisema. "Ukishukuru umemaliza. Mbegu haijaanza bado. Itakushukuria yenyewe ikiota."

Magreti alitoka, akabisha hodi, akaamkia tena. Safari hii alipokea kimya, kwa mikono miwili. Wanawake waliokuwa uani walicheka hadi wakashikana. Kufikia jua la utosi tulikuwa tumepita nyumba kumi na nne, na hakuna hata moja iliyotoa hindi bovu. Nimesoma mengi tangu siku ile, lakini sijasoma habari za watu waliotushinda kwa hilo.

Mahindi yaliota mstari mzima, na yalipokomaa yalikuwa meupe kwa mekundu. Dohani haikubomolewa, kila baada ya mavuno Costancia aliiziba kwa gunia, na macho yakimzidi aliifungua. Magreti akaandika: "Huko kwetu mkulima hununua mbegu kwa kampuni. Shamba la mama lina majina kumi na manne." Leo wajukuu wa nyumba zile zile wananiuliza uchaga ni kitu gani.

Miaka miwili ya Magreti ilipokwisha, niliwaona pamoja mara ya mwisho stesheni ya Kilosa, treni ya Dar es Salaam ikiwa imekwisha kupiga honi. Costancia alifungua kanga, akatoa mahindi mawili meusi kwa moshi, akayainua dirishani. Magreti alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akanyoosha mikono miwili, akapokea, akayakumbatia kifuani bila neno. Treni ikamchukua hivyo.

Costancia hakupunga mkono. Alijifunga kanga yake vizuri, akaniambia, "Huyo ni wetu," akaanza kutembea kurudi sokoni kutafuta lori la Mamboya.