Niliagwa kwenda Ulaya, maafisa wa visa wakagoma: sasa niko "Ulaya" chumba cha nyuma hapa Baraka

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa, na mkicheka sitakasirika.

Mke wangu Neema yuko Ulaya. Aliondoka na mimba changa, mimi nikabaki mjini kwetu Baraka kusubiri visa nimfuate kabla hajajifungua.

Medical nilipita, interview nikapita. Nikaambiwa nijiandae, umebaki muhuri tu.

Kwetu ukisema unajiandaa, ndugu wanakuaga siku hiyo hiyo. Kanisa likaniombea, mbuzi akaliwa, na kila jirani mwenye mtoto huko akaleta kifurushi cha ndagala, dagaa wakavu wa kwetu, nimpelekee.

Kesho yake maafisa wa visa wakaanza mgomo. Wanadai mishahara, haki yao kabisa. Ila faili langu likalala mezani.

Nilitaka kutoka niwaeleze watu ukweli. Mama akaziba mlango.

"Hauna haya, we? Batu balishakuaga! Bakikuona batasema tulikula mbuzi ya bure. Ingia mu chumba, mi nitasema ulishafika."

Basi wakuu, nikafika Ulaya. Chumba cha nyuma, pazia limefungwa.

Namsikia jirani yetu, Mama Riziki, akiuliza kama huko kuna baridi.

"Baridi mingi!" anajibu mama. "Mutoto anavaa makoti mbili."

Mimi niko kifua wazi, jasho linanitiririka.

Na ndagala? Tulianza kwa kuonja. Mgomo ukaendelea, nasi tukaendelea. Sasa hata visa ikitoka, nawaogopa wenye ndagala kuliko watu wa uhamiaji.

Juzi Neema amejifungua mtoto wa kike. Alinionyesha kwa video call, network ikakata kabla sijamwona uso vizuri. Nililia kwa sauti, nilishindwa kujizuia.

Mama Riziki akasikia. "Nani iko analia mule?"

"Ni simu," mama akasema. "Baba mutoto iko analia na furaha kule Poto, kule Ulaya. Alishamubeba mutoto!"

Vigelegele vikajaa uani.

Wakuu, Baraka nzima inajua nimembeba mwanangu. Ni mimi tu sijambeba.

Nilichojifunza: usikubali kuagwa kabla muhuri haujagongwa.

Mwenye uzoefu na migomo hii anieleze huwa inaisha vipi. Mwageni maoni hapa, ila msije nyumbani kunipa pole. Mama atawaambia nimesafiri.