Asnaku na Nyumba Isiyo na Msumari

Je, umewahi kukatiza uwanja mtupu saa sita za mchana, jua utosini, ukahisi kuna kitu kinapita juu yako, ukainua macho ukaona mbingu nyeupe tu? Asnaku Wondimu naye hakioni. Lakini kila siku anaona kinavyosukuma.

Saa tano na nusu anafika kwenye jiwe bapa, kilimani juu ya mji wa Debre Markos, Ethiopia. Hapo anaweka chuma chote alicho nacho: funguo, simu, pini ya nywele, na pini ya shuka begani, ambayo mahali pake anafunga fundo. Viatu navyo anaviacha, maana matundu ya kamba yana vipete. Kutoka jiweni hadi mlangoni ni hatua mia moja na kumi na mbili, na anazitembea pekupeku.

Nyumba ni ya mawe meupe yaliyotolewa bondeni mwa mto Abay, kwa kuwa yale meusi ya kilimani yana chuma ndani yake. Mbao zimeshikwa kwa vigingi, bawaba ni za shaba. Msumari hakuna hata mmoja. Ndani ni giza, na gizani humo sindano ya sumaku, ambayo chuma kidogo tu huipotosha, inaning'inia kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kioo kidogo juu yake hutupa nukta ya mwanga kwenye rula ya mbao. Asnaku huisoma nukta, akaandika daftarini.

"Hamna upepo mle, hamna mtu," anasema. "Lakini nukta inatembea. Mwaka wa kwanza nilikuwa naisoma huku nimeegemea mlango, tayari kukimbia."

Ana miaka hamsini na mmoja, kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia humo, kwa birr elfu nne na mia mbili kwa mwezi. Sokoni wanamtania. "Mwanamke wa watu hana hata pini," anasema muuza kahawa. "Siku upepo ukija atatuaibisha." Asnaku humjibu: "Upepo unijue mimi, nawe deni lako la sukari likujue."

Wataalamu wanaeleza hivi. Juu sana, yapata kilomita mia moja, jua linaichoma hewa hata inapitisha umeme. Juu ya mstari wa katikati wa sumaku ya dunia, unaopita hapohapo mkoani Gojjam, umeme huo hukusanyika ukatiririka kuelekea mashariki kama mto mwembamba. Asubuhi huanza, saa sita hujaa, na ndio unaoisukuma sindano. Jua likichafuka na kuipiga sumaku ya dunia, mto hufurika.

Watu wa kilimani hawakungoja wataalamu. Tangu zamani saa sita ni saa ya pepo, na mzazi ambaye mtoto wake hajabatizwa hatoki nje bila kipande cha chuma cha kujikinga mkononi.

Mwezi wa Ginbot, yaani Mei, mwaka juzi, mto ulifurika. Hirut, binti yake Asnaku, alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama yake, na hiyo ilikuwa siku ya kumi na moja tangu azae. Saa sita mchana redio ilinyamaza katikati ya maneno. Ilipofufuka ilikuwa inasema lugha asiyoijua, polepole, kama mtu anayeamshwa usingizini. Akabeba mtoto, akashika kisu, akakimbilia kilimani.

Mlangoni akamsikia mama yake akiongea gizani.

"Mama, uko na nani humo?"

"Nahesabu. Usiingie."

Nukta ilikuwa imevuka mwisho wa rula na kupanda ukutani. Kesho yake, saa nane mchana, ilirudi nyuma kupita pale inapolala usiku. Mto ulikuwa unakwenda kinyume.

Jioni ile ya kwanza watu wawili waliuliza swali moja. Mama mkwe wa Hirut alikuja kumwona mtoto, akamkuta ana homa. "Ulipotoka saa sita, ulikuwa na chuma?" Hirut akainama. "Nilikuwa nacho, mama." Simu nayo ikalia. Alikuwa Dagim, mkuu wa vituo vyote vya kupimia sumaku, kutoka Addis Ababa. "Dada Asnaku, kituo cha kusini kimetikisika kidogo tu. Chako kimeruka mara tatu ya hicho. Palikuwa na chuma?"

Asnaku alikuwa amesikia jibu la binti yake kwa masikio yake mwenyewe. Akaliandika daftarini jinsi lilivyo: binti alifika mlangoni, ana kisu.

Addis Ababa wakaufuta ukurasa ule. Kisha shaka ikatambaa kama mchwa, siku hii, siku ile, mpaka mwaka huu Dagim akasema madaftari yote ya miaka kumi na tisa yatafungiwa ghalani, yasitumike tena.

Jumapili hiyo Hirut alikuwa anachambua dengu. Aliposikia, mikono ikasimama.

"Kisu kilibaki jiweni, mama."

"Ulisema ulikuwa nacho."

"Nilimwambia mkwe. Ningemwambia nini, mtoto anaungua? Nilikiweka jiweni kama unavyoweka wewe. Nikamkumbatia mtoto kwa mikono miwili nikapita."

"Hatua zote zile? Saa ile?"

"Nilizihesabu. Niliona kama anga lote limeinama kutuangalia."

Asnaku alimpigia Dagim. Siku tatu baadaye Dagim akampigia, sauti imeshuka. Kile cha kusini kiko mbali na mstari wa sumaku, kwa hiyo alikuwa amelinganisha na kituo kilicho chini ya mstari huohuo, kusini mwa India. Huko nako sindano iliruka dakika ileile, kwa kiasi kilekile. Madaftari hayaendi ghalani. "Sasa, dada, tukufanyie nini?" Asnaku akasema atafikiri.

Leo, saa tano na nusu, wako wawili jiweni. Hirut amekuja na chakula, na amezoea kungoja hapo. Mama yake ameshafunga fundo begani, lakini hajaondoka.

"Dagim aliniuliza nataka nini," anasema. "Hawezi kunipa yeye. Vua pini zako, mwanangu, uingie nami. Miaka kumi na tisa naitazama nukta peke yangu ikitembea. Nataka mtu mwingine aione."