Siku Umau Alipoota Pembe

Mkinicheka sawa tu, mimi mwenyewe nimejicheka ya kutosha, lakini hadi leo nikikutana na beberu mwenye ndevu huwa natazama pembeni kwa aibu.

Hiyo ni miaka michache iliyopita, pale Wamunyu, nikitumia benchi ya umau (ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita babu). Yeye alichonga twiga maisha yake yote. Alipofariki nikaona wateja wa twiga wamepungua, nikaanza kutengeneza pazo za mbao, zile picha unazobandika kwenye plaiwudi, ukazikata vipande kwa msumeno mwembamba, watoto wakavipanga upya. Benchi ilikuwa bado inanukia vumbi la mbao na tumbaku yake, na harufu hiyo naikumbuka kuliko hata sauti yake.

Sasa susu, yaani nyanya yangu, alikuwa anatimiza miaka tisini, na aliniomba kitu kimoja tu: pazo ya ile picha ya pekee ya umau, vitukuu waipange mbele ya wageni, maana hawakuwahi kumwona. Wiki hiyohiyo Hassan, mfanyabiashara wa mifugo wa Machakos mjini, alikuwa ameagiza pazo ya beberu wake mkubwa, zawadi ya binti yake. Mimi na uvivu wangu nikaona nitakata mara mbili ya nini, nikabana plaiwudi mbili kwa tepu, moja juu ya nyingine, nikakata zote kwa mpigo (umau angeniona angenifukuza karakana), kwa hiyo vipande vya mzee na vya beberu vikawa na maumbo yaleyale. Kisha nikazilaza zote picha chini nipige msasa mgongoni, na kiwiko changu kikasomba vipande vya juu vya zote mbili hadi sakafuni. Nikaokota, nikapachika, kila kimoja kikaingia sawasawa, nikajisifu kwa ufundi, nikafunga maboksi bila kugeuza hata kimoja.

Hassan akachukua lake, nami nikapeleka la susu kwenye sherehe, padri akiwepo, na wazee wa kanisa, na jamaa hadi wa Mitaboni. Vitukuu wakapanga viatu, wakapanga bakora, wakapanga lile koti lake la harusi, wageni wakisogea kuona, halafu juu ya tai wakapachika pua nyeusi, ndevu, na pembe mbili. Kalekye, wa miaka mitano, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Susu, umau alikuwa na pembe?"

Padri alipaliwa na chai. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze, lakini susu hakucheka. Alinitazama tu, akasema polepole, "Nilitaka wamwone." Jamani, hilo liliniuma kuliko kicheko chote.

Nikatoka nje kumpigia Hassan simu. Kumbe naye alikuwa ananitafuta. "Ndugu yangu," akaniambia, "niko na mbuzi hapa amevaa sura ya mzee, na huyu msichana wangu anakataa nimbomoe mpaka ajue ni nani."

Walifika na pikapu kabla wageni hawajaondoka. Yule binti akaja moja kwa moja kwa susu, vipande vinne vimo kiganjani, akavipachika mwenyewe, na umau akatokea, na lile tabasamu lake la upande mmoja. "Huyu ni nani?" akauliza. Susu akamkalisha karibu naye, vitukuu wakasogea, akaanza tangu siku umau alipokuja kuposa amevaa koti la kuazima (lilelile la pichani!), na Hassan alipiga honi mara tatu ndipo mtoto akakubali kuondoka.

Susu naye alituacha mwaka jana. Mimi bado nipo kwenye benchi ileile, na plaiwudi mbili sikati pamoja tena, hata mteja awe amesimama mlangoni. Nakata moja moja, na kabla ya kufunga boksi nageuza kila kipande nikitazame uso.