Tundu la Dar

Hebu mwone Clementina akiingia ofisini: begi mgongoni, jasho la ngazi za ghorofa sita usoni, macho kwenye saa ya ukutani. Saa saba na nusu mchana. Hapa Guangzhou, China, saa imeitangulia Moshi kwa saa tano, kwa hiyo ilibaki nusu saa kabla ya saa tatu asubuhi ya nyumbani, binti yake Sia apande jukwaani kwenye mahafali ya chekechea, aseme shairi lake. Mwaka na miezi minane hawajashikana mikono. Kila alipoombwa walau mstari mmoja, mtoto alikataa: utalisikia lote siku yenyewe, mama.

Asubuhi Clementina alisoma chuo. Mchana alitunza kompyuta za ofisi hii ya kusafirisha mizigo. Picha isiyokatikakatika aliipata kwa laini moja tu, ile ya ofisi ya Dar. Na jana yake ofisi ilikuwa imehama ghorofa.

Sasa, watu wa mizigo unawajua. Katoni huandikwa kwa kalamu nene mji inakokwenda. Mlango wa ghala hauandikwi kitu. Basi wenzake walipochomoa kebo, walizibandika utepe vizuri kabisa, DAR, MOMBASA, na matundu manne nyuma ya kompyuta wakayaacha hivyo hivyo. Mawili yalikuja na mashine, mawili yako kwenye kadi iliyoongezwa, na majina ambayo mashine imeyapa hayafuati mpangilio wa macho.

Ya Mombasa walikuwa wamebahatisha, ikakubali. Clementina akachomeka ya Dar kwenye tundu la kwanza, kimya. La pili, kimya. La nne, kimya.

Odhiambo, mfanyabiashara wa Nairobi aliyekuwa mle ofisini akituma makaratasi ya kontena lake kwa wakala wa Mombasa kupitia kebo hiyo, akamtania kwamba Watanzania kwa upole hawana mpinzani, hata kebo wanaibembeleza. Meli yake ilikuwa bandari ya Huangpu, na makaratasi yalitakiwa kabla ya saa nane na robo.

Clementina akaacha kubahatisha. Aliketi, akaandika amri ya kuifanya taa ya tundu moja ipepese, tundu pekee ambalo ofisi ya Dar inalitambua. Akainama nyuma ya mashine. Ilipepesa taa ya tundu la tatu, chini ya kebo ya Mombasa.

Odhiambo naye aliiona. Utani ukamwisha.

"Chomoa tu, dada. Nitaanza upya."

"Ukianza upya, meli itakusubiri?"

Clementina akakaa sakafuni, kebo ya Dar mkononi, akiitazama ile taa. Saa nane ikafika, ikapita. Alijaribu kulisikia shairi kichwani, lakini mtu atasikiaje maneno asiyowahi kuambiwa?

Saa nane na dakika kumi na moja Odhiambo akasema makaratasi yamefika. Kebo zikabadilishana matundu, picha ikaja mara moja: Dainess, mdogo wake, na nyuma yake watoto wakila keki. Kabla Dainess hajasema neno, Sia alishaipokonya simu, akaisogeza hadi yakabaki macho na meno.

"Mama, umenisikia? Sikukosea hata mahali pamoja. Umesikia lote?"

Clementina alivuta pumzi. Wewe msomaji, ungekuwa pale sakafuni, ungemjibu nini?