Jirani kaniita shahidi, kumbe mshtaki ni mimi

Nyie, leo nimetamani ardhi inimeze!

Baba Shija, jirani yangu hapa Mpanda, alipanua bwawa lake la samaki akaziba mfereji wetu. Mchicha wangu ukaanza kukauka. Nikampigia afisa mazingira simu kimyakimya.

Leo afisa kaja. Baba Shija akanivuta mkono: "Muulize Mama Neema, jirani yangu mwema. Huyu ndiye shahidi wangu!"

Afisa akashangaa. "Si ndiye aliyenipigia simu?"

Nikabaki naangalia kandambili zangu.

Baba Shija akacheka mpaka akakohoa. "Mama Neema, si ungeniita tu?"

Akazibua mfereji palepale. Maji ya bwawa yamekuja kwa kasi, na sasa perege wake wanarukaruka kwenye mchicha wangu.

Niwarudishe, au niwashe jiko?