Santuri Niliyowekewa Kama Ng'ombe

Walisema sitapata hata santuri moja. Pale Boito, kwenye hoteli ndogo ambapo wanaume hunywa chai wakisubiri lori la kubeba majani ya chai, nilitangaza kwamba nitakusanya nyimbo zote za zamani za bendi yetu ya jazi. Walicheka hadi mmoja akamwaga kikombe. Walisema watu wa huku hawamwazimi mtu sufuria bila kumjua mama yake, sembuse santuri. Walisema diploma yangu ya ufundi wa sauti ingenifaa kufunga spika za harusi tu. Mimi ndiye wa kwanza kijijini kwetu kusomea kazi hiyo. Karo nilijilipia mwenyewe kwa kubeba spika Nairobi, na nilirudi nyumbani na mitambo yangu, si ya kukodi. Nikijisifu kidogo univumilie, maana majirani husahau upesi.

Kama ulikulia huku, unazikumbuka Jumapili zile. Bendi ilifika kwenye ukumbi wa shamba la chai kwa lori lilelile la majani, na tarumbeta zilifungwa ndani ya magunia ya kuchumia, kwa hiyo zilipotolewa zilinukia chai mbichi. Ilikuwa bendi kubwa, wapulizaji safu mbili, magitaa, ngoma, na kiongozi mwenye saksafoni ambaye koti lake halikufungika tumboni. Baridi yetu ilizishusha sauti tarumbeta, basi kabla ya kuanza wapulizaji walizishika juu ya jiko la makaa, wakizigeuza polepole kama mahindi ya kuchoma. Nyanya yangu, ambaye tulimwita kogo, alikuja akiwa amevua aproni, lakini vidole vyake vilikuwa bado vyeusi kwa utomvu wa chai. Alikuwa akisema kwamba mtu akiusikia muziki ule na asitikise hata bega, apelekwe zahanati. Kisha mvua ya alasiri ilipiga mabati, na bendi, badala ya kunyamaza, ilipuliza kwa nguvu zaidi.

Katikati ya juma tulimtegemea jirani. Alikuja zamani kutoka nyanda za magharibi kuchuma chai, akaoa hapa, akajenga hapa, na ndiye aliyekuwa na gramafoni. Jioni, tukishateka maji na kuleta kuni, tulikwenda kuketi sakafuni kwake. Alikuwa na sheria moja: kila mtoto aikalie mikono yake. Tuliikalia mpaka ikafa ganzi, moshi ukituuma macho, mboga chungu za kienyeji, saga, zikichemka na maziwa jikoni kwa mkewe. Wenzangu walisikia wimbo. Mimi nilifunga macho nikawasikia watu, huyu anavuta pumzi, yule amechelewa kuingia, yule wa nyuma anampuliza mwenzake sikioni. Hakuna chuo kilichonifundisha hilo. Nilikwenda nalo chuoni.

Niliporudi, bendi ilikuwa bado inapiga. Wachezaji wengi walikuwa wapya, wasichana kwa wavulana, ila kiongozi alikuwa yuleyule na nadhani hata koti. Aliniambia jambo lililoniuma. Ule wimbo waliokuwa wakifungia dansi, hakuna tena aliyejua sehemu za tarumbeta. Yeye alikumbuka saksafoni yake, lakini wale wa tarumbeta walikuwa wamezikwa. Hawakuwahi kuandika noti, na kanda za mwanzo zilipotea.

"Mimi nina nusu ya wimbo," alisema. "Nikiondoka nayo, nyinyi mtapiga nini?"

Ndiyo maana nilianza kuzunguka. Bomet, Kipkelion, nyumba kwa nyumba, matope hadi magotini. Watu walisita, lakini nilipotaja jina la kogo milango ilifunguka, na santuri zikatoka chini ya vitanda, zimeota ukungu na kushika masizi. Ule wimbo wa kufungia dansi haukuwamo. Kila niliyemuuliza alinirudisha palepale nilipoanzia: uko kwa jirani yenu.

Jirani sasa ni mzee, anatembea kwa fimbo. Alikataa. Miaka ya nyuma mgeni kutoka mjini aliazima kwake santuri kadhaa, akaahidi kuzirudisha, na hakuonekana tena. Nilimtajia diploma yangu.

"Yule mwingine pia alikuwa nayo," akasema.

Nilirudi siku nyingine nikamkatia ng'ombe wake majani, nikarudi tena, bila kutaja santuri. Mwishowe yeye ndiye aliyeanza kuitaja.

"Nimekaa na nyinyi Wakipsigis maisha yangu yote, desturi zenu nazijua. Mtu akimwekea rafiki yake ng'ombe, rafiki anachunga, anakunywa maziwa. Lakini ng'ombe ni wa nani?"

"Ni wako, mzee."

"Na akizaa?"

"Ndama pia ni wako."

"Basi beba. Lakini usiniletee ng'ombe bila ndama."

Niliiosha santuri ile kwa maji vuguvugu na brashi laini, nikaikausha kivulini, nikaipitisha kwenye mitambo yangu mkwaruzo kwa mkwaruzo. Masizi yalipotoka, tarumbeta zikasimama wazi, kila moja mahali pake. Msichana anayefanya kazi kiwandani, ambaye ndiye tarumbeta ya kwanza ya bendi sasa, aliisikiliza sehemu hiyo na kuirudia mpaka midomo ikamvimba. Hakulalamika. Alisema tu kwamba waliokuwa wakipiga zamani lazima walikula vizuri.

Siku ya kurudisha, tulikusanyika katika ukumbi uleule. Kila aliyeniazima alipokea santuri yake ndani ya jalada jipya, pamoja na redio ndogo yenye kadi ya nyimbo zote nilizozisafisha. Huyo ndiye ndama. Kisha bendi ikapiga wimbo wa kufungia dansi. Tarumbeta zilipoingia, kiongozi alisahau kupuliza. Alisimama na saksafoni kifuani, anasikiliza, na zamu yake ikapita, wala hakuna aliyejali, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa umesimama unacheza. Mimi nimefunga mitambo kwenye majumba makubwa ya Nairobi. Sijasikia shangwe kama ile.

Kogo hayupo. Gramafoni iliuzwa kwa muuza vyuma, na mashambani siku hizi mashine zinachuma chai pale waliposimama akina mama wakiimba. Siwezi kuvirudisha vitu hivyo, na sijidanganyi. Nilichoazimwa ndicho nilichoweza kurudisha, na nilikirudisha chote.

Siku ile ukumbini, jirani nilimwacha awe wa mwisho kupokea. Aligeuza santuri yake pande zote mbili mbele ya dirisha, akainusa, akaiweka redio mfukoni.

"Ng'ombe amenona," akasema. "Lakini desturi yenu haikomi hapo. Mchungaji mzuri hupewa mtamba."

Akafungua koti, akatoa santuri nyingine iliyofungwa kwa kitambaa, ambayo hakuwahi kunitajia.

"Hii hata yule wa mjini sikumwonyesha. Huyu si wa kuchunga, kijana. Huyu ni wako."