Ngoma ya Katikati

Kila asubuhi, kabla hajagusa jembe wala ndoo, Générose hutoa kinanda cha kwaya mvunguni mwa kitanda, hukiweka mezani na kukiunganisha kwa waya mbili na betri kuukuu ya gari. Taa ndogo nyekundu ikiwaka, huitazama kwa muda, kama mtu asiyeiamini. Ndipo hufungua kinanda tumboni, akatoa betri sita nene za tochi moja moja, akazianika juani kwenye ungo ili zipate nguvu kidogo. Jioni huzirudisha kwanza, kisha ndiyo hutoa waya. Hata akiwa na homa hageuzi utaratibu huo.

Sisi wanakwaya tulizoea kumcheka.

"Dada, kinanda kimetundikiwa dripu tena?" Josephat, mwalimu wetu wa kwaya, alimwuliza siku moja alipopita nyumbani kwake.

"Ndiyo, ni mgonjwa wangu," Générose alijibu. "Wewe umekuja kumwona na nini mkononi? Hata chungwa huna."

Générose alifika Katumba, makazi ya wakimbizi huku Tanzania, mwaka 1972, akiwa na miaka sita. Njia nzima kutoka Burundi alibebwa mgongoni na baba yake mdogo, Dieudonne, ambaye mwenyewe alikuwa kijana tu. Baba yake mzazi, Callixte, alibeba masufuria na mbegu. Ngoma walizichonga huku huku, kwa miti ya msitu wa Ugalla, baada ya mavuno ya kwanza. Wakawa wapigaji saba, na Krismasi au harusi haikuwa kamili bila wao. Dieudonne alipiga ngoma ya katikati. Hiyo ndiyo inayoongoza: wengine humtazama mpigaji wake mikononi, naye huwauliza kwa fimbo, nao humjibu. Wanawake hucheza. Kupiga, hapana. Générose alikua akiijua ngoma ile pigo kwa pigo, na hakuwahi kuigusa.

Kinanda kiliachwa na Sista mmoja aliyerudi kwao Ulaya mwaka 1992. Générose alijifunza mwenyewe, kwa kubonyeza na kusikiliza. Humo ndani mlikuwa na midundo iliyokuja na kinanda, polka, disko na mingineyo, nasi tukawa tunaimba zaburi kwa polka. Dieudonne alikuja kanisani akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Huyo anayepiga humo ndani ni nani? Mbona hatoki jasho?"

"Hakuna mtu, baba mdogo. Ni mashine."

"Ndiyo maana. Anapiga kama mtu anayekimbia kuwahi chakula chake."

Zaidi ya midundo hiyo kulikuwa na nafasi nne tupu, za mtu kujirekodia midundo yake. Unabonyeza, unapiga mbele ya kitundu cha sauti, na kinanda kinashika sekunde nane, kisha kinazirudia mpaka ukizime. Générose aliivumbua siri hiyo Julai 1993. Wakati huo watu wengi wa Katumba walikuwa wakijiandikisha kurudi Burundi, maana habari za kule zilikuwa nzuri. Dieudonne alikuwa kwenye orodha, pamoja na wapigaji wengine watano; kati ya wale saba angebaki Callixte peke yake.

Siku moja kabla ya safari, mchana, Générose alikipeleka kinanda uani, akawaomba wapige.

"Sekunde nane?" Dieudonne alisema. "Mimi kwa sekunde nane hata kukohoa sijamaliza."

Walirudia mara nyingi, kwa sababu kila walipoanza hawakutaka kukoma. Mwishowe nafasi zote nne zikajaa, ya nne ikiwa ngoma ya katikati peke yake. Générose aliziachia zote kwa pamoja. Dieudonne aliinama, akaweka sikio kwenye kinanda, akacheka mpaka akakaa chini.

"Ni mimi kabisa! Basi polka ife. Nikishajenga nitakuja kuwachukua. Mpaka hapo, mwimbe na mimi."

Alfajiri lori likaondoka. Générose alisimama barabarani mpaka vumbi likatulia, akarudi nyumbani, akafanya alilofanya kila asubuhi tangu apewe kinanda. Alitoa betri akazianika, ili Jumapili sauti iwe na nguvu.

Jioni alizirudisha, akabonyeza. Polka ilikuwepo. Disko ilikuwepo. Nafasi zote nne zilikuwa tupu.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo ya shule, naye akaniletea kijitabu cha maelezo, cha Kiingereza, kimefungwa kwenye kitenge kama cheti cha ubatizo. Kilisema kwamba betri zikitolewa bila umeme mwingine, kila ulichorekodi kinafutika. Nilikisoma mara mbili nikitafuta sentensi nyingine. Haikuwepo. Nilipomwambia, alikifunga tena kitengeni, akanishukuru, akaenda kupalilia maharage.

"Si kitu," aliniambia kesho yake. "Akija kutuchukua atapiga tena."

Oktoba ikaja na habari mbaya redioni: rais wa Burundi ameuawa, na watu wanauana. Baada ya hapo watu walianza kuvuka tena, safari hii wakija huku. Générose aliwafuata wageni wa kila kundi alilolisikia limefika, akimwulizia mtu mrefu, mpiga ngoma, mwenye pengo kwenye meno ya juu. Alituma barua tatu kwa mikono ya wasafiri. Mmoja wao alimrudishia yake ikiwa haijafunguliwa. Wengine wawili hawakuonekana tena.

Miaka minne ilipita. Mwaka 1997 bega la kulia la Callixte lilianza kukataa kazi, na Générose akaona kwamba akichelewa atakosa hata huyu aliyebaki. Alinunua ile betri kuukuu ya gari kwa fundi mmoja wa Mpanda mjini. Haikuweza tena kuwasha gari, lakini kushikilia kumbukumbu za kinanda iliweza. Kisha akamwomba baba yake apige.

"Peke yangu?" Callixte alishangaa. "Nipige namjibu nani?"

"Utapiga moja, baba. Kisha kinanda kitairudia, wewe utapiga ya pili juu yake. Kisha ya tatu."

"Kwa hiyo mimi ndiye nitakuwa jirani yangu." Alicheka, akazifuata fimbo.

Nilikuwepo siku hiyo. Alipanga ngoma zote kama zamani, na ile ya katikati akaiweka mbele, bila mtu. Kila alipopiga aliitazama hiyo, na mahali pa kungoja alingoja, fimbo zikiwa juu, kisha akajibu. Nafasi tatu zikajaa. Alipofika ya nne, aliweka fimbo chini.

"Hiyo si yangu."

"Baba, kinanda hakijui ni ya nani."

"Mimi najua."

Générose hakumsihi. Lakini mvua zilipoanza, bega likiwa limelala kabisa, Callixte mwenyewe alimwita.

"Ile ya nne. Ipige wewe, kwa vidole, kwenye hizo funguo."

"Mwanamke hapigi. Ulinifundisha wewe."

"Hapigi kwa fimbo. Vidole sijasikia vikikatazwa." Akalikanda bega lake. "Nataka kuisikia nzima, mwanangu."

Sasa ni 1998, na bado hajaipiga. Kwaya yetu inaimba na ngoma tatu. Zinakimbia pamoja, zinanyamaza ghafla, zinangoja, kisha zinajibu kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Josephat husema kinanda kina kigugumizi. Pentekoste tulipoimba mjini, wanakwaya wa parokia nyingine waligeuza shingo, wakidhani kimeharibika. Générose hakuinua macho.

Juzi tulikaa barazani kwake tukibangua karanga. Callixte alikuwa ndani, amelala. Nilikuwa nimelibeba swali hilo mwaka mzima, na mimi si mwepesi wa kuuliza.

"Dada, unaijua yote. Mzee amekuruhusu, tena anataka kuisikia. Kwa nini huijazi ile nafasi?"

Alipuliza maganda kutoka kiganjani.

"Ni ya baba mdogo," alisema. "Hajarudi bado."